Nusu Saa Bila Kuguswa

Watu wengi hudhani kukagua programu za simu ni kazi ya kukaa kitini na kuchezea simu kutwa nzima. Mwanamke mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka miwili angewaambia waache masihara. Mezani kwake kulikuwa na simu kumi na mbili zimepangwa safu mbili, na kila moja ilikuwa imechomekwa waya wa chaji uliobanwa kwa utepe wa gundi usije ukachomoka. Simu za kupimia hazikuruhusiwa kuzimika katikati ya kazi. Kwa hiyo zilikaa kwenye waya tangu asubuhi hadi jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Nyumbani aliitwa Chapuchapu. Jina hilo alipewa na baba yake, aliyedai kwamba mtoto huyu alianza kukimbia kabla hajajua kusimama. Kazini lilimfaa zaidi. Kampuni yao ilikuwa inaleta simu yenye mfumo mpya kabisa, haufanani na ule ambao watu wameuzoea, na simu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa vitu vya kutia ndani yake. Watengenezaji wakubwa wa programu walikuwa wanasita, wanangoja waone kama watu watainunua, na watu nao wanangoja waone kama programu walizozizoea zitakuwemo. Basi kampuni ikafungua mlango kwa yeyote mwenye mikono. Ukutani pakatundikwa ubao wa taa unaohesabu programu zilizopita ukaguzi, na chini yake msimamizi akabandika karatasi: Elfu hamsini kabla ya uzinduzi.

Zikamiminika. Zilikuja tochi zaidi ya mia tatu, na nyingi hazikuwaka. Kikaja kikokotoo kilichojumlisha vizuri tu lakini ukikiambia kigawanye kinajifunga. Ikaja programu ya hali ya hewa iliyoonyesha jua siku zote, hata siku ambayo wakaguzi wenyewe walifika kazini wamelowa chapachapa. Zilikuwa kazi za bora liende, za watu waliochukua kitu walichokishonea simu nyingine wakakivika hii bila hata kupima mabega. Ukizikataa nyingi mno, msimamizi anakuja kusimama nyuma ya kiti chako.

"Inafunguka?" anauliza.

"Inafunguka, bosi, ila..."

"Inafungika?"

"Inafungika."

"Sasa unangoja nini? Pitisha. Watairekebisha wenyewe mbele ya safari."

Chapuchapu alipitisha arobaini kwa siku, wenzake ishirini na tano. Alisifiwa kwenye mkutano, na wala tusimsingizie, sifa zilimkolea.

Siku moja, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, ikamfikia programu ya viziwi. Unaifundisha sauti unayoitaka, mlango unaogongwa au mtoto anayelia, halafu simu ikiisikia sauti hiyo inatetemeka kwa nguvu mfukoni. Aliitambua papo hapo. Dada yake alikuwa na programu hiyohiyo kwenye simu yake ya zamani, mwaka wa tatu sasa, na mtengenezaji alikuwa mtu mmoja tu, hana kampuni wala msaidizi. Chapuchapu akaifungua kwa furaha. Akaifundisha sauti mbili, akagonga meza, simu ikatetemeka. Akapiga makofi, ikatetemeka tena hadi ikasogea. Mtengenezaji alikuwa ameambatanisha barua ndefu. Akasoma mstari wa kwanza wa salamu na shukrani, akaweka alama ya kupita, akachukua mkoba wake akaenda kula.

Dada alimzidi miaka tisa. Alizaliwa anasikia, akapatwa na homa akiwa na miaka minne, homa ikaondoka na masikio yake. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyembeba Chapuchapu mgongoni, akamsuka, akampeleka shule, akamchapa alipostahili. Katika nyumba ile watu walizungumza kwa mikono. Baba alikuwa fundi baiskeli, alijifunza ishara akiwa mtu mzima na vidole vyake vimejaa grisi, na hadi uzeeni aliandika maneno hewani kwa ukali fulani, mtu angedhani anakaza nati.

Sasa baba alikuwa hainuki. Miguu ilikuwa imeisha nguvu, moyo umechoka, sauti imebaki mnong'ono, na mara kwa mara maji yalimpanda kifuani. Daktari aliwaelekeza vizuri: akibanwa pumzi, msimwache amelala. Mwinueni akae kitako, mwegemezeni, atarudi. Dada alimudu kumwinua kwa mkono mmoja, kwa kuwa maisha yake yote alifua nguo za watu na mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu. Lakini kufua kwenyewe kulikuwa uani, na baba alikuwa chumba cha mbele. Zamani walifunga kamba, ncha moja kitandani kwa baba, nyingine kwenye kifundo cha mkono wa dada, na dada akizunguka uani anajikwaa kwenye kamba yake mwenyewe huku baba akicheka hadi anakohoa. Ilipokuja ile programu, kamba ikatupwa. Baba alijifungia kengele ya baiskeli kwenye chuma cha kitanda, dada akaifundisha simu mlio wake, na tangu hapo akiipiga mara mbili tatu, simu inatetemeka kwenye mfuko wa aproni ya dada, naye yuko mlangoni anafuta povu. Dada aliiita simu hiyo sikio lake.

Chapuchapu alikuwa amepanga chumba karibu na kazini, akija kwao kila Jumapili. Jumapili moja akaja na simu mpya ndani ya boksi. Kampuni ilikuwa imempa kila mfanyakazi simu ya kumpelekea mtu wa kwao, kwa sharti moja: simu ya zamani ya mtu huyo irudishwe ofisini ikajaze sanduku la kioo la pale mapokezi, wageni waone jinsi watu wanavyohama.

Dada hakuitaka. "Yangu ina tatizo gani?" aliuliza kwa mikono.

"Ni ya kizamani."

"Na mimi ni wa kizamani. Utanibadilisha lini?"

Baba, kitandani, akaingilia kwa mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unamuuma. "Mpokee mwenzio zawadi. Kazi yake hiyo."

Dada akanung'unika kwa vidole lakini akaipokea. Waliitia simu mpya programu ileile, wakaifundisha mlio wa kengele, baba akapiga, simu ikamtetemeka dada mfukoni hadi akaruka, wote watatu wakacheka. Chapuchapu alitia simu ya zamani kwenye mkoba wake. Siku ile alirudi kwake anatembea kwa madaha, kwani mara moja katika maisha alikuwa amempa dada yake kitu badala ya kupewa.

Jumapili ya pili baba alimnong'oneza wakati dada yuko nje. "Simu yako nayo mzee kama mimi. Mara nyingine inasinzia."

"Inasinzia vipi, baba?"

"Juzi nilipiga, nikapiga, kimya. Nikangoja, dada yako akaja mwenyewe. Sikumwambia, asije akaanza kunikalia hapa kitandani kutwa nzima."

"Nitaiangalia," alisema Chapuchapu. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufikia uzinduzi. Dada aliporudi ndani, Chapuchapu alipiga kengele mara moja, na simu, iliyokuwa mkononi mwa dada muda huohuo, ikatetemeka. Akasema iko sawa, akanywa chai, akaondoka.

Baba alifariki Alhamisi.

Dada aliingia chumbani saa sita na sahani ya chakula na kumkuta ameteleza chini ya mito, mdomo wazi, na mkono wake wa kushoto umebaki juu ya kengele. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa ameitwa.

Wakati wa maziko dada hakulia. Alipokea watu, alipika, alifua mashuka ya baba, akaanika. Chapuchapu alilia kwa wote wawili, na watu wakamhurumia yeye kwa sababu kilio chake kilisikika. Siku ya tatu fundi cherehani, mama wa makamo aliyepangisha chumba cha jirani, ukuta mmoja na chumba cha baba, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, nina jambo linaninyima raha," alisema. "Ile kengele niliisikia."

"Siku ile?"

"Siku ile. Siku zote inalia kidogo, dada yako anafika, inanyamaza. Siku ile ililia, nikaweka kola ya shati. Ikalia, nikaweka mikono. Nikashona vifungo vyote, bado inalia, inapumzika, inalia. Nikasema huyu mzee leo anacheza na binti yake. Dada yako si yuko uani, nimemwona kwa macho yangu? Ningeingiaje kwa watu bila kuitwa?" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ningeingia tu, mwanangu. Hata wangeniona mdaku."

Chapuchapu alimshika mikono, akamwambia hana kosa. Halafu akaenda kukaa chooni, mahali pekee palipokuwa hapana watu, akiwa na simu ya dada. Dada alikuwa amempa siku ileile ya msiba, hataki hata kuiona. Mkaguzi anajua mahali ambapo simu huandika mambo yake yenyewe, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Alifungua, akashuka na kidole hadi Alhamisi. Saa nne na dakika hamsini na mbili: programu imelazwa, nusu saa bila kuguswa, simu haiko kwenye chaji. Saa sita kasoro dakika tatu: programu imeamshwa. Dada alikuwa ameitoa mfukoni kutazama saa. Katikati hapakuwa na kitu. Kengele ilikuwa imelia mbele ya simu iliyolala fofofo kwenye mfuko wa aproni.

Alielewa yote kwa mara moja. Mfumo wao mpya ulisifika kwa kutunza chaji, na ulitunza kwa kuzilaza programu zisizoguswa. Simu ikiwa kwenye waya haizilazi. Na yeye, mwenyewe, kwa miaka miwili, hakuwahi kupima programu hata moja kwenye simu iliyochomolewa.

Aliporudi kazini jambo la kwanza aliitafuta ile barua. Ilikuwapo kwenye jalada, juu yake limeandikwa jina la Chapuchapu, saa aliyoipitisha programu, na muda aliotumia kuipima: dakika nne. Aliisoma yote. Mtengenezaji alieleza kwamba hana uwezo wa kupata simu yao, programu ameitengeneza kwa kubahatisha kwenye kompyuta, na ana wasiwasi na jambo moja. "Naomba sana," aliandika, "mnipimie ikiwa imechomolewa kwenye chaji, ikae bila kuguswa zaidi ya nusu saa, halafu mpige kelele karibu nayo. Kama haitatetemeka, tafadhali msiipitishe. Kuna watu wataitegemea. Nijulisheni, nitairekebisha hata kama ni kuanza upya."

Akampelekea msimamizi. Msimamizi akasoma huku akitikisa kichwa, akampa pole ya msiba kwa mara ya pili, na alikuwa anamaanisha, hakuwa mtu mbaya. "Lakini hilo ni la watengenezaji wa nje," alisema. "Sisi tunatoa jukwaa tu. Liandikie ripoti, tutaliangalia kwenye toleo lijalo." Ubao wa taa nyuma yake ulikuwa unasoma elfu arobaini na tisa, mia saba na kumi.

Chapuchapu alirudi mezani, akaiondoa ile programu dukani bila kumuuliza mtu, akamwandikia mtengenezaji kwa nini. Ubao ukapungua moja. Kisha akakaa akitazama simu zake kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, siku ile hakupitisha hata moja.

Kwa mtengenezaji kuandika kulikuwa rahisi. Kwa dada, mikono ilimganda. Kila alipokwenda nyumbani alijisemea leo nitamwambia, na kila mara akakuta sababu: dada amechoka, kuna mgeni, chakula kinaungua. Alijua pia sababu ya kweli. Baba hayupo, mama hayupo, akimpoteza dada atabaki hana mbele wala nyuma. Nyamaza, alijiambia. Nani atajua? Hata ile simu haijui kusema.

Lakini dada alikuwa anakwisha. Aliacha kufua, mabeseni ameyafunika kifudifudi. Alikonda. Alikaa kwenye kiti cha baba, mkono mmoja umebana paja mahali ambapo mfuko wa aproni huangukia. Wiki ya pili, Jumapili, alimwambia Chapuchapu atoe ile simu.

"Nitetemeshee," alisema.

"Nini?"

"Iweke hapa pajani. Mimi nafumba macho. Itetemeshe unapotaka, mimi nikisikia nainua mkono."

Chapuchapu alisema hapana. Dada akaikamata mikono yake, akaiweka simu ndani yake kwa nguvu, akafumba macho. Basi Chapuchapu akaiweka pajani mwa dada, akaitetemesha. Mkono ukainuka. Akangoja, akaitetemesha kidogo sana, kiasi kwamba yeye mwenyewe kwa vidole vyake alikuwa na shaka. Mkono ukainuka. Mara ya tatu dada alilowesha mikono yake yote hadi viwiko kwenye ndoo ya maji, akawa anaifikicha kama mtu anayefua. Mkono wenye maji ukainuka mara hiyohiyo, matone yakadondoka sakafuni.

Dada akafumbua macho.

"Nasikia," alisema. "Umeona? Nasikia hata nikiwa na maji. Sasa siku ile nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nawaza nini, hata baba yangu ananiita mpaka anakufa, na mimi nafikicha kola ya shati la mtu?" Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, alilia, kwa ile sauti nzito ya mtu asiyesikia kilio chake mwenyewe, akijipiga paja kwa ngumi, palepale mahali pa mfuko.

Chapuchapu alimshika ile ngumi. Alipiga moyo konde. Akapiga magoti mbele ya kiti ili mikono yake ionekane vizuri.

"Haikutetemeka," alisema. "Dada, niangalie. Hukukosa kusikia. Simu haikutetemeka kabisa. Ilikuwa imelala."

Dada alimtazama bila kuelewa.

"Ikikaa nusu saa bila kuguswa, inalala. Ile ya zamani hailali, hii inalala. Mimi ndiye niliyeipima kazini. Mimi ndiye niliyesema inafaa."

"Hukujua."

Huo ulikuwa mlango, uko wazi, na dada mwenyewe ndiye aliyeufungua. Chapuchapu angepita tu. Hakupita.

"Aliyeitengeneza aliniandikia," alisema. "Aliniomba niipime kwa namna ambayo ningelijua hilo. Sikusoma barua yake. Na baba aliniambia inasinzia. Nikasema nitaangalia. Sikuangalia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka."

Uso wa dada ulikuwa umelowa, hakuufuta. Akainua mikono, akauliza polepole, kila neno peke yake.

"Alipiga kwa muda gani?"

Chapuchapu alifikiria kudanganya. Dakika moja, angesema, mbili. Lakini dada alimlea, na uongo wake aliujua tangu akiwa na meno ya utotoni.

"Nusu saa. Labda zaidi. Fundi cherehani alimsikia."

Dada akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei kubwa na kukubali. Alitazama kitanda. Alitazama mikono ya mdogo wake. Kisha akazungumza tena.

"Wiki mbili nimejichukia mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Ningezeeka na chuki hiyo. Wewe nilikutunza pembeni, ndiwe kitu pekee kilichobaki kizuri. Sasa nikuweke wapi?"

"Nisamehe," Chapuchapu akaanza. "Dada, nisam..."

Dada akafumba macho.

Hakuyakaza, aliyafumba tu, akaweka mikono yake mapajani. Kwa hiyo mazungumzo yakawa yamekwisha, kwani hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia. Chapuchapu aliendelea kwa muda kidogo. Aliomba msamaha kwa ishara ya kitoto, halafu kwa ishara ya watu wazima, akaeleza kwamba programu ameiondoa, kwamba ataacha kazi, kwamba atahamia hapa. Mikono yake ilipita hewani mbele ya macho yaliyofumbwa. Alinyoosha kidole amguse goti, akarudisha.

Mwishowe alifanya jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa na maana yoyote. Alifungua mdomo akasema kwa sauti, "Dada, nisamehe." Akasema tena, kwa nguvu zaidi, na tena, hadi koo likamkauka, na chumbani mle aliyesikia alikuwa yeye peke yake.